Mizinga ya Unyamwezi na Nyuki Wasiotibiwa

Mwaka 1956 mwanasayansi wa Brazil, Warwick Kerr, alikusanya malkia wa nyuki barani Afrika na kuwapeleka kwao. Alitaka nyuki wanaostahimili joto, kwa kuwa nyuki wa Kizungu walikuwa hawatoi asali ya kuridhisha nchini mwake. Malkia wengi walionusurika safari ile walitoka Afrika Kusini. Wa Tanganyika alinusurika mmoja tu, naye alitoka Tabora. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro, yakachanganyika na nyuki wa huko, yakasambaa bara zima. Oktoba 1990 uzao wao uliingia Texas, na kwenye magazeti ya Marekani wakaitwa nyuki wauaji.

Mrina asali wa Unyamwezi asingeshangazwa na ukali huo. Nyuki wa miombo ni mkali, humega kundi mara kwa mara, na akisumbuliwa au maua yakiisha, huacha mzinga na kwenda zake. Ufundi wote wa kutunza mizinga katika misitu ya Tabora, Sikonge, Urambo na Inyonga umejengwa juu ya tabia hizo, na ni wa zamani kuliko mkoloni. Msafiri Richard Burton alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliikuta mizinga miti­ni na akaieleza katika kitabu chake cha safari.

Mzinga wenyewe ulikuwa gogo lililochongwa likawa tupu ndani, mara nyingi la mninga, au gome lililobanduliwa zima kutoka kwenye shina la myombo na kuviringishwa. Huzibwa pande zote mbili, upande mmoja ukiachiwa tundu la nyuki kupita. Hapo ndipo penye ujuzi mkubwa. Malkia hutaga karibu na mlango, hivyo majana hukaa mbele na asali hurundikwa nyuma. Mrina hupanda jioni au usiku akiwa na kienge kinachofuka, hufungua kizibo cha nyuma, hupuliza moshi taratibu, na nyuki husogea mbele walipo watoto wao. Hukata masega ya asali na kuishia pale majana yanapoanza. Mwenye pupa aliyekata mpaka mlangoni alipoteza kundi, na wazee hawakumsifu.

Mtu mmoja aliweza kuwa na mizinga kadhaa, au mamia, iliyotawanyika msituni. Yote haikukaliwa kwa wakati mmoja, wala hilo halikumkosesha usingizi. Mzinga mtupu aliousugua nta ndani ulikuwa makazi yanayosubiri kundi linalohama. Mvua zikikaribia, mtundu huchanua. Zikielekea kwisha, ni zamu ya muba, na nyuki hufuata maua hayo. Kwa hiyo mfugaji hakuhangaika kumzuia nyuki asiondoke. Alihakikisha tu kwamba popote atakapotua, atakuta mzinga wake.

Matibabu yalikuwa ya kuzuia. Nyegere alikomeshwa kwa kuning'iniza mzinga mbali na shina, ubembee asipate pa kushika. Siafu walizuiwa kwa majivu. Nondo wa nta walipovamia masega yaliyoachwa, mzinga ulisafishwa, ukafukizwa moshi, ukapakwa nta upya na kurudishwa juu. Hapakuwa na dawa ya kumpa nyuki mwenyewe. Kundi dhaifu lilikufa au kuhama, na lenye nguvu likajaza nafasi yake. Ni utaratibu mgumu kwa nyuki, lakini ndio uliowajenga kwa vizazi na vizazi.

Asali ilibebwa kwenye malindo ya gome, na nyingi ikaishia kwenye pombe. Nta haikuthaminiwa sana mpaka wanunuzi walipoanza kuifuata. Wakati wa Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka pwani, na machicha ya masega yaliyokuwa yakitupwa sasa yakachemshwa, yakachujwa na kuuzwa. Chini ya Waingereza likaja jambo jingine. Kuanzia miaka ya 1920 watu wengi wa magharibi walihamishiwa kwenye makazi ya pamoja ili kukimbia mbung'o na malale. Vijiji vikabaki mahame, lakini mizinga ilibaki mitini. Wenyewe waliendelea kurudi na kupiga kambi kwa majuma kadhaa msimu wa kurina, kwenye ardhi ambayo sasa serikali iliiita hifadhi ya misitu.

Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika iliunda kitengo cha ufugaji nyuki. Ofisa wake, F. G. Smith, aliwachunguza nyuki wa miombo kwa makini kuliko wengi waliomtangulia, na mwaka 1960 akachapisha kitabu kuhusu ufugaji nyuki katika nchi za joto. Baada ya uhuru chama cha ushirika cha wafuga nyuki wa Tabora kilikusanya asali na nta za wanachama na kuzitafutia soko. Nchini Kenya, kuanzia mwaka 1971, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada walishirikiana na wenyeji kueneza mzinga wa viunzi vya juu, wenye viunzi vya upana wa milimita 32 kulingana na umbo la nyuki wa Afrika.

Mzinga huo ulileta heri mbili ambazo gogo halikuwa nazo. Kwanza, ulitundikwa chini, kwa hiyo wanawake, ambao kazi ya kupanda miti haikuwa yao, wakaingia kwenye ufugaji. Pili, uliokoa miti, kwani myombo uliobanduliwa gome zima hufa. Anayetetea mila ya kale hana budi kulikiri hilo.

Kisha ukaja utitiri wa varoa. Asili yake ni nyuki wa Asia, na alipohamia kwa nyuki wa Ulaya na Marekani alifanya maangamizi. Huko kundi lisilotibiwa kwa kawaida hufa ndani ya miaka michache. Wafugaji walitia dawa ndani ya mizinga, mabaki yake yakaingia kwenye nta, na katika miaka ya 1990 utitiri wenyewe ukaanza kuzizoea dawa hizo. Afrika Kusini ilimgundua mdudu huyo mwaka 1997, Kenya na Tanzania mwaka 2009. Mwaka 2010 watafiti wa Kenya na Marekani walikagua mizinga katika maeneo 24 ya Kenya. Walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini hawakuona kuwa makundi yenye utitiri yalikuwa madogo kuliko mengine. Nchini Brazil, uzao wa wale malkia wa Kerr nao umekuwa ukiishi na utitiri kwa miongo kadhaa bila dawa.

Nyuki hawa husafishana, huwatoa majana walioshambuliwa, na kila wanapomega kundi au kuhama hukatiza uzazi ambao utitiri huutegemea. Ndizo zilezile tabia zilizowaudhi maofisa waliotaka nyuki watulivu wanaokaa mahali pamoja. Kumnyima nyuki wa miombo tabia hizo kwa kuchagua wapole tu, kisha kumnunulia dawa, kutakuwa hasara mara mbili.

Adui mkubwa wa mizinga ya Tabora leo yuko nje ya mzinga. Miti ya miombo inakatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa na kuni za kukaushia tumbaku, na mtundu ukianguka hakuna mzinga wa kisasa utakaofidia maua yake. Halmashauri za Sikonge, Urambo na Mlele zinapopanga bajeti ya mizinga mipya, zianze kwa kutenga fedha za kulinda misitu ambamo itatundikwa.