Joto la Bahari ya Hindi na shehena ya samaki: anachopaswa kujua mfanyabiashara

Wafanyabiashara wanaonunua samaki wa baharini pwani ya Tanzania na Kenya kwa ajili ya masoko ya nchi jirani wamezoea kuhesabu misimu miwili, kaskazi na kusi. Hesabu hiyo haitoshi tena. Ipo miaka ambayo joto la bahari huvuruga uvuvi, ukaushaji na barabara kwa wakati mmoja.

Chakula cha samaki baharini huanzia kwenye planktoni, mimea midogo mno inayohitaji mwanga wa jua na virutubisho. Virutubisho vingi vimo kwenye maji baridi ya chini. Kusi inapovuma kwa nguvu kando ya Somalia, hasa Julai na Agosti, husukuma maji ya juu na yale ya chini hupanda, ndiyo maana eneo hilo lina rutuba. Maji ya juu yakipata joto kupita kiasi huwa mepesi na kukaa kama kifuniko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa planktoni za magharibi mwa Bahari ya Hindi zilipungua kwa hadi asilimia 20 katika miongo sita.

Juu ya mwelekeo huo kuna badiliko la mwaka hadi mwaka liitwalo Dipoli ya Bahari ya Hindi, lililoelezwa na wanasayansi mwaka 1999. Likiwa katika hali chanya, maji ya upande wetu hupata joto na yale ya upande wa Sumatra hupoa. Ilikuwa hivyo mwaka 1997, 2019 na 2023.

Jodari ni mfano mzuri. Tabaka la maji ya joto likiwa nene, jodari huzama chini ambako nyavu za kuzingira hazimpati kwa urahisi. Mwaka 1998 meli nyingi za jodari zilihamia mashariki mwa bahari hii. Meli huweza kumfuata samaki. Kiwanda cha kusindika hakiwezi.

Kwa samaki wa miamba mambo huenda polepole. Joto la mwaka 1998 liliua zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai katika visiwa vya ndani vya Shelisheli, na matumbawe ya ukanda huu yalipauka tena mwaka 2016 na 2024. Mifupa ya matumbawe husimama kwa miaka kadhaa kabla ya kubomoka, hivyo pengo sokoni huchelewa kuonekana. Huko Shelisheli mavuno hayakuanguka kama ilivyohofiwa, ila tafi, ambao hula mwani, waliongezeka. Kwa mnunuzi, kinachobadilika kwanza ni aina ya samaki, si uzito.

Dagaa ndio wanaogusa zaidi wasafirishaji wa mpakani. Dagaa wa Zanzibar huvuliwa usiku kwa taa, huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa juani, kisha sehemu kubwa huenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wavuvi hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, na hilo kila mnunuzi analijua. Kinachosahaulika ni kuwa dipoli chanya huleta mvua nyingi za vuli, Oktoba hadi Desemba, kama zile zilizosababisha mafuriko mwaka 2019 na 2023. Boti zinaweza kurudi zimejaa na dagaa wakaozea kwenye vichanja kwa kukosa jua. Waliokauka nusu wakifungwa kwenye magunia hushika ukungu ndani ya lori, hasa likikwama kwenye barabara iliyokatika au kwenye foleni ya Tunduma na Kasumbalesa.

Utabiri wa vuli hutolewa kabla msimu haujaanza na mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya, pamoja na ICPAC, kituo cha IGAD kilichopo Kenya, na hali ya dipoli hutajwa humo. Mkataba wa kupeleka dagaa Novemba uliosainiwa mapema, bila kifungu cha kuchelewa kwa sababu ya mvua wala kipimo cha ukavu wakati wa kupakia, humwachia muuzaji hasara yote.