Mto Thames na Swali la Mpishi

Miongoni mwa desturi za Waingereza zilizo ngeni kwetu ni hii ya kupanga nyumba ndogo kando ya mto kwa siku chache, kufunga mizigo ya unga, chai na masufuria, na kwenda kujipikia huko kana kwamba nyumbani hakuna jiko. Sisi tuliolelewa katika imani kwamba mgeni hupikiwa twaweza kuiona desturi hiyo kuwa kichekesho. Lakini ina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna swali ambalo waandishi wa habari za starehe aghalabu hulipita kimya: mtu mmoja apumzikapo, ni nani aendeleaye na kazi?

Nitachukua mfano wa nyumba moja. Katika mwezi wa Mei 1871 William Morris, mshairi na fundi wa mapambo, alikuwa akitafuta mahali nje ya London pa kuwapeleka mkewe Jane na binti zao, Jenny na May. Akaiona nyumba ya mawe katika kijiji cha Kelmscott, jimbo la Oxfordshire, si mbali na mji mdogo wa Lechlade, ambako mto Thames ungali mwembamba na maji yake hayajauonja moshi wa mji mkuu. Nyumba ilikuwa imejengwa karibu na mwaka 1600. Ilikuwa na bustani, na penye maji palikuwa na banda la mashua. Morris akaipanga kwa ubia na rafiki yake, mchoraji Dante Gabriel Rossetti.

Ubia huo haukuwa mwepesi. Mwezi wa Julai Morris alipanda meli kwenda Iceland, akawaacha Jane na watoto pale Kelmscott pamoja na Rossetti. Na kwamba Rossetti alimpenda Jane halikuwa fumbo kwa watu wa karibu. Kiangazi hichohicho alimchora Jane ameshika matawi, na nyuma yake waonekana mto, nyumba, banda la mashua na kanisa. Wanazuoni wamelijadili jambo hili kupita kiasi, nami sitawasaidia. Nasema tu kwamba nyumba ya mapumziko huenda ikapangwa ili watu wastahimili lile ambalo mjini haliwezi kustahimiliwa. Rossetti aliondoka mwaka 1874 wala hakurudi tena.

Mwaka 1873 reli ilifika Lechlade, na safari ya kutoka London ikawa jambo la saa chache. Ndiyo maana safari ya mwaka 1880 yastahili kuangaliwa, maana ilifanywa kwa makusudi ya kuchelewa. Miaka miwili kabla yake Morris alikuwa amepanga nyumba nyingine huko Hammersmith, kando ya mto uleule, naye akaipa jina la Kelmscott, akifurahia kuwa maji yapitayo mlangoni pake yamekwisha kupita kule. Basi katika Agosti 1880 yeye na jamaa yake na rafiki kadhaa, akiwamo mfinyanzi William De Morgan, waliingia katika chombo kilichoitwa Ark, yaani Safina, kama ile ya Nuhu, wakapanda mto kwa maili zipatazo 130. Chombo kilivutwa kwa kamba kutoka ukingoni. Njiani Morris alijitwika upishi. Bwana huyu mnene mwenye ndevu nyingi, mwenye duka mashuhuri London, aliona fahari kushika mwiko, na safari ikampendeza hata akairudia mwaka 1881.

Hapo ndipo penye fundo. Morris alijiunga na wajamaa mwaka 1883, na mwaka 1890 akatoa katika gazeti la Commonweal hadithi yake iitwayo News from Nowhere, inayosimulia Uingereza ya siku zijazo isiyo na bwana wala mtwana. Katika hadithi hiyo wasafiri hupanda mto kwa makasia kutoka Hammersmith mpaka nyumba ya kale ambayo msomaji hawezi kukosa kuitambua. Mto ni uleule. Lakini katika nyumba ya wageni wanaoandaa chakula mezani ni wanawake, na mzee mmoja wa hadithi hiyo huitetea kazi ya nyumbani kuwa ni heshima yao. Kwa nini mwandishi aliyepika kwa mikono yake katika Safina hakumpa mwanamume yeyote mwiko katika nchi ya ndoto zake? Wako wanaomtetea kwa kusema ndiyo fikira ya zama zake. Utetezi huo haunitoshi, kwa kuwa mtu huyu alizikana zama zake katika mambo mengi makubwa kuliko hili. Naona kwamba kwake kupika kulikuwa sehemu ya likizo, mchezo wa siku saba. Kelmscott kwenyewe watumishi walikuwapo.

Mfanyakazi wa kawaida hakuwa na nafasi ya mchezo huo. Mwaka uleule wa 1871 Bunge lilipitisha sheria iliyoletwa na John Lubbock, ikawapa watu wa Uingereza siku nne za mapumziko katika mwaka, mojawapo ikiwa Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Siku moja moja yatosha kumfikisha mtu mtoni na kumrudisha jioni; haitoshi kupanga nyumba wala kubeba unga. Kufikia mwaka 1885 wapanda mashua walikuwa wengi hata ikatungwa sheria ya kuuhifadhi mto Thames kwa ajili ya burudani ya umma.

Morris alifariki mwaka 1896. Jeneza lake lilishushwa kituoni Lechlade, likapelekwa Kelmscott kwa gari la shamba. Nyumba, ambayo jamaa hawa walikuwa wapangaji tu tangu mwanzo, ilinunuliwa na Jane mwaka 1913. Mwaka uliofuata naye akafa. May aliishi humo mpaka kufa kwake mwaka 1938, akaiusia Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya likizo yenye malipo, ambayo iliziruhusu bodi za mishahara kuwapa wafanyakazi walio chini yake juma moja kwa mwaka. Waliofaidika nayo walikuwa wengi, na wake zao, walipofika katika nyumba walizopanga, wakafungua mizigo na kutafuta jiko liko wapi.