Vampire Weekend na mabadiliko ya sauti yake

Vampire Weekend ni bendi ya roki ya indi ya jijini New York, Marekani, iliyoundwa mwaka 2006 na wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Columbia. Imetoa albamu tano: Vampire Weekend (2008), Contra (2010), Modern Vampires of the City (2013), Father of the Bride (2019) na Only God Was Above Us (2024). Tatu za katikati zilishika namba moja kwenye chati ya Billboard 200, na mbili kati ya hizo zikatwaa Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Bendi ilianza na gitaa jepesi lenye nasaba ya Kongo, ikaliweka kando karibu lote ilipofika albamu ya tatu, kisha ikalirudisha kwa njia nyingine. Ni bendi chache za kizazi chake zilizobadilika kiasi hicho bila kupoteza sura.

Asili na jina

Waanzilishi ni Ezra Koenig (sauti na gitaa), Rostam Batmanglij (vinanda, gitaa na utayarishaji), Chris Baio (besi) na Chris Tomson (drams). Jina lilitokana na filamu ambayo Koenig alianza kuipiga akiwa mwanafunzi na hakuimaliza: kijana aitwaye Walcott anakwenda Cape Cod, Massachusetts, kumwonya meya kwamba wanyonya damu wanaivamia nchi. Walcott huyo ana wimbo wake kwenye albamu ya kwanza. Onyesho lao la kwanza lilikuwa shindano la bendi za chuoni, ambako walikuwa wa tatu kati ya bendi nne. Baada ya kuhitimu, Koenig alifundisha Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn, na albamu ikarekodiwa katika muda uliobaki baada ya kazi.

Vampire Weekend (2008)

Albamu ya kwanza ilitolewa Januari 2008 na XL Recordings, lebo ya Uingereza. Batmanglij, aliyesomea muziki Columbia, ndiye aliyeitayarisha. Sehemu kubwa ilirekodiwa nje ya studio za kukodi: kwenye chumba cha chini ya nyumba huko Brooklyn, kwenye ghala la shambani na katika vyumba walivyoishi wanamuziki wenyewe. Ina nyimbo 11 na haizidi dakika 35.

Jambo la kwanza linalosikika ni nafasi. Roki ya New York ya miaka iliyotangulia ilijaza kila pembe kwa gitaa lenye mkwaruzo. Hapa gitaa halina mkwaruzo hata kidogo, besi inasikika yenyewe, na vayolini zinaingia na kutoka kama wageni wenye adabu. "A-Punk" inachukua dakika mbili na sekunde chache tu, mwendo wa ska na panki, na katikati kinanda kinatoa sauti ya filimbi. "M79" imepewa jina la basi linalokatiza Manhattan kwenye mtaa wa 79. "Oxford Comma" inahusu, miongoni mwa mengine, alama ya mkato. Koenig aliwahi kuuita muziki wao Upper West Side Soweto, akiunganisha mtaa wa wenye nacho ulio jirani na chuo chao na kitongoji cha Johannesburg. Wahakiki wengi waliinukuu kauli hiyo, wakailinganisha albamu na Graceland ya Paul Simon ya mwaka 1986, na wakaishia hapo.

Wimbo unaomhusu zaidi msikilizaji wa Afrika Mashariki ni "Cape Cod Kwassa Kwassa". Kwasa kwasa ni mtindo wa kucheza uliozuka Kinshasa miaka ya 1980, viuno vikizunguka na mikono ikivifuata, ukasambazwa na Kanda Bongo Man na wenzake hadi kwenye kumbi za Nairobi na Dar es Salaam, ambako muziki wenyewe uliitwa Lingala au bolingo. Kanda Bongo Man, akiwa Paris na mpiga solo Diblo Dibala, alifanya jambo moja kubwa: alipunguza ile sehemu ya polepole ya mwanzo, akamfikisha mchezaji mapema kwenye sebene, yaani sehemu ya kasi inayoongozwa na gitaa.

Wimbo wa Koenig unakwenda kinyume chake. Gitaa linaanza na kipande kifupi kinachopanda na kushuka, kila noti safi na imeachana na mwenzake. Ngoma za mkono zinalijibu chini kwa chini, na hali inabaki hivyo kwa dakika tatu na nusu. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa Kongo anangoja mpiga solo apande juu kwenye shingo ya gitaa na atalaku, yaani mpaza sauti wa bendi, aanze kuita majina. Anangoja mpaka wimbo unaisha. Tena gitaa ni moja. Katika bendi ya Kongo kuna solo, mi-solo na ridhimu, matatu yanayosukana kama ukili; hapa kazi ya mi-solo imeachiwa kinanda cha Batmanglij. Maneno yanahusu mapenzi ya vijana wa familia zenye uwezo kwenye ufuko wa Massachusetts, na mwanamuziki anayetajwa ni Peter Gabriel wa Uingereza. Hakuna Mkongo anayetajwa. Gabriel mwenyewe baadaye aliurekodi wimbo huo pamoja na kundi la Hot Chip. Ni wimbo mzuri sana, na si kwasa kwasa.

Hapo ndipo ilipozuka lawama iliyoifuata bendi kwa miaka: kwamba ni watoto wa matajiri wa Kizungu wanaovaa muziki wa Waafrika kama wanavyovaa sweta zao za shule. Kwa upande wa watu, lawama hiyo ilikosea. Koenig ni wa familia ya Kiyahudi, wazazi wa Batmanglij walitoka Iran, na wengi waliowaandika hawakujishughulisha kuuliza. Kwa upande wa muziki ilikuwa na uzito zaidi ya ilivyokubaliwa, kwani jina la uchezaji liliuzwa duniani upya huku majina ya waliouleta yakibaki nje. Mamia ya maelfu ya vijana wa Marekani na Ulaya walijua neno kwasa kwasa kabla ya kumsikia Diblo hata mara moja.

Albamu ilifika nafasi ya 17 nchini Marekani, na Machi 2008 jarida la Spin likaiweka bendi jaladani.

Contra (2010)

Contra ilitolewa Januari 2010 na kuingia moja kwa moja namba moja, ikiuza nakala zipatazo 124,000 katika wiki ya kwanza, jambo kubwa kwa lebo huru. Jina linawakumbusha waasi wa Contra wa Nikaragua na vilevile albamu ya The Clash ya mwaka 1980 yenye jina la wapinzani wao, Sandinista!

Kompyuta inasikika zaidi. Katika "California English" sauti ya Koenig imepitishwa kwenye programu ya Auto-Tune, na "Giving Up the Gun" inaendeshwa na mapigo ya mashine. "Horchata" inafungua albamu kwa sauti zinazofanana na marimba ya kidole, ala ambayo Wagogo huiita ilimba. "Diplomat's Son" ina dakika sita na imebeba kipande cha wimbo wa M.I.A., msanii wa Uingereza mwenye asili ya Kitamil. Gitaa la Kongo bado lipo, lakini limekuwa kiungo kimoja kati ya vingi. "Cousins" ina gitaa la kasi zaidi kuliko wimbo wowote wao wa kabla yake. Ni albamu yenye furaha na yenye haraka. Baadhi ya nyimbo zake zimechakaa mapema kuliko za ile ya kwanza. Mwanamke aliye kwenye picha ya jalada, iliyopigwa mwaka 1983, aliishtaki bendi kwa kutumia sura yake bila ridhaa, na shauri likamalizwa kwa makubaliano.

Modern Vampires of the City (2013)

Hii ndiyo kazi yao kuu. Ilitolewa Mei 2013, ikauza nakala takriban 134,000 katika wiki ya kwanza, ikashika namba moja, na Januari 2014 ikapata Grammy. Jina limetokana na maneno ya Junior Reid, mwimbaji wa rege wa Jamaika. Jaladani kuna picha ya mpigapicha Neal Boenzi ya mwaka 1966, New York ikiwa imefunikwa na moshi mzito.

Kwa mara ya kwanza Batmanglij alishirikiana na mtayarishaji wa nje, Ariel Rechtshaid. Walijiwekea sharti: wazo lolote lililofanana na albamu mbili za mwanzo lilitupwa. Gitaa jepesi likaondoka. Mahali pake pakachukuliwa na piano, ogani ya kanisani, hapsikodi na sauti za kwaya. Drams zilirekodiwa, kisha zikapunguzwa mwendo na kushushwa, ndiyo maana zina uzito kama wa mtu anayepiga akiwa chumba cha pili. Koenig, aliyekuwa akiimba juu ya mavazi na fukwe, sasa anaimba juu ya umri, kifo na Mungu. "Ya Hey" inamwita Mungu kwa jina la Kiebrania lililogeuzwa mchezo, na kiitikio chake kinaimbwa na sauti iliyopandishwa hadi ikawa kama ya mtoto. "Hudson" ina ngoma ya kijeshi na kwaya, na inaanzia kwenye kifo cha baharia Henry Hudson. "Step" imejengwa juu ya wimbo wa kundi la hip hop la Souls of Mischief, lakini umevishwa hapsikodi kiasi kwamba mtu angeweza kuupiga kwenye ibada.

"Hannah Hunt" inastahili kusikilizwa peke yake, usiku, bila kelele. Watu wawili wanasafiri kukatiza Marekani na mapenzi yao yanavunjika njiani. Kwa dakika mbili na nusu hivi wimbo unanong'ona: besi inatembea taratibu, piano inagusa na kuacha, Koenig anaimba karibu na maikrofoni kana kwamba kuna mtu amelala jirani. Halafu drams zinaingia kwa nguvu, piano inafunguka, na sauti yake inaruka juu kwa ghafla, imepasuka, ikirudia kiitikio kilekile alichokuwa akikiimba kwa utulivu. Dakika moja baadaye kila kitu kimenyamaza. Gitaa la Kongo halipo kabisa humo, lakini kuna jambo ambalo "Cape Cod Kwassa Kwassa" haikulifanya: wimbo unaanza polepole, unamngojesha msikilizaji, kisha unageuka. Mpenzi wa rumba ya Kongo anaujua mpangilio huo tangu utotoni.

Wanamuziki wenyewe waliziona albamu tatu za kwanza kama hadithi moja yenye sehemu tatu.

Kuondoka kwa Batmanglij na Father of the Bride (2019)

Januari 2016 Batmanglij alitangaza kuondoka, ingawa alichangia baadhi ya nyimbo zilizofuata. Albamu ya nne ilikuja baada ya miaka sita, Mei 2019, chini ya lebo ya Columbia Records. Rechtshaid alibaki. Koenig alikuwa amehamia Los Angeles, na jua la huko linasikika. Kuna nyimbo 18, nyingine za dakika mbili tu. Danielle Haim, wa kundi la Haim, anaimba katika tatu, na mwanamuziki Steve Lacy anasikika katika mbili. Gitaa limerudi, safari hii likielekea kwa Grateful Dead na bendi za Marekani zinazopiga jukwaani kwa muda mrefu bila kukimbilia mwisho. "Harmony Hall" ina gitaa linalokimbia kama maji ya mfereji, na ndiyo wimbo bora wa albamu. "Rich Man" imejengwa juu ya gitaa la S. E. Rogie wa Sierra Leone, bingwa wa muziki wa mvinyo wa mnazi. Miaka 11 baada ya kukopa mtindo wa Kiafrika kwa mbali, bendi iliweka rekodi ya mwanamuziki wa Kiafrika mwenyewe ndani ya wimbo wake. Hiyo ni heshima kubwa zaidi.

Ilishika namba moja na kupata Grammy ya pili. Ni ndefu kupita inavyohitaji.

Only God Was Above Us (2024)

Ilitolewa tarehe 5 Aprili 2024, ina nyimbo 10, na haikufika kileleni kama tatu zilizoitangulia. Picha ya jalada ni ya Steven Siegel ya mwaka 1988, ndani ya behewa bovu la treni ya chini ya ardhi. Mtu anasoma gazeti la Daily News, na kichwa cha habari, kilichohusu ndege ya Aloha iliyong'oka paa angani, ndicho kilichokuwa jina la albamu. Kwa mara ya kwanza bendi imekubali mkwaruzo. Katika "Classical" gitaa linakwangua juu ya drams na saksafoni. "Mary Boone" ina mapigo ya kundi la Soul II Soul na kwaya. "Connect" imerudisha mapigo ya drams ya "Mansard Roof", wimbo uliofungua albamu ya kwanza, lakini sasa piano inakimbia juu yake kama inayotafuta njia. Siku tatu baada ya albamu kutoka, bendi ilipiga Austin, Texas, mchana wa kupatwa kwa jua, siku Koenig alipotimiza miaka 40.

Kazi nje ya bendi

Koenig alichangia utunzi wa "Hold Up" ya Beyoncé (2016). Batmanglij alitoa Half-Light (2017) na amewatayarishia Haim na Clairo. Baio na Tomson nao wametoa albamu zao.

Hali ya sasa

Bendi rasmi ni ya watu watatu: Koenig, Baio na Tomson; jukwaani huongezewa wengine. Asiyewajua aanze na "Hannah Hunt", kisha arudi "Cape Cod Kwassa Kwassa" akiwa amemsikiliza Diblo kwanza. "Hope", inayofunga albamu ya tano, ina karibu dakika nane, na hakuna wimbo mrefu kuliko huo katika albamu zao zote.