Msomi ni Kaya: Viza ya Mwanafunzi na Haki ya Kuandamana na Familia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kanuni zinazomruhusu au kumzuia mwanafunzi wa kigeni kuandamana na mwenza na watoto wake. Kwa mifano ya Uingereza, Marekani, Kanada na Umoja wa Ulaya, yanadai kwamba kanuni hizo, pamoja na mafungu ya ufadhili, zimemkadiria mwanafunzi kuwa kijana asiye na mtu nyuma yake, ilhali msomi wa uzamili au uzamivu anayetoka Afrika Mashariki mara nyingi ni mzazi na mwajiriwa. Makala yanaonyesha kwamba mzigo wa kosa hilo la makadirio unawaelemea zaidi wanawake, na yanapendekeza wajibu wa vyuo, wafadhili na waajiri wa nyumbani.

1. Utangulizi

Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda ng'ambo kusomea shahada ya kwanza huwa ndiyo kwanza amemaliza sekondari. Anayekwenda kusomea uzamivu ni mtu mwingine kabisa. Mara nyingi ni mhadhiri msaidizi aliyekwisha kufundisha miaka kadhaa, daktari wa hospitali ya rufaa, au ofisa wa wizara aliyeteuliwa na mwajiri wake. Ana mke au mume, ana watoto walioanza shule, na pengine ana mama mzazi anayemtunza na mpwa anayemlipia ada. Barua ya udahili inapofika, swali la kwanza nyumbani huwa la familia: aende nao au awaache?

Tumezoea kulichukulia swali hilo kuwa la faragha. Mke na mume hulizungumza usiku, wazazi huitwa kushauri, na uamuzi ukishafikiwa kila mmoja hubeba sehemu yake ya uchungu kimya kimya. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hili ni la sera kabla ya kuwa la faragha. Wanandoa wanapokaa kushauriana, majibu mengi yamekwisha kuamuliwa na watu wasiowajua: waliotunga kanuni za viza, waliopanga fungu la ufadhili, na waliotunga masharti ya likizo ya masomo.

2. Mwanafunzi machoni pa sheria ya kimataifa

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 16, linaitambua familia kuwa kiini cha asili cha jamii kinachostahili kulindwa na jamii na dola. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 unasema jambo hilo hilo katika ibara ya 18. Kwa maneno, basi, hakuna ubishi.

Ubishi huanza pale haki hiyo inapotafutiwa mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 kuhusu haki za wafanyakazi wahamaji na familia zao unazitaka nchi, katika ibara ya 44, ziwarahisishie wafanyakazi hao kuungana na wenza na watoto wao. Lakini ibara ya 3 ya mkataba huo huo inawataja wanafunzi miongoni mwa wale ambao mkataba hauwahusu. Aliyekwenda kuchuma matunda shambani ametambuliwa, walau katika maandishi, kuwa na familia. Aliyekwenda kusoma hakutambuliwa.

Umoja wa Ulaya umefuata mkondo unaofanana na huo. Agizo la 2003 kuhusu kuunganisha familia linamhusu mgeni mwenye kibali cha mwaka mmoja au zaidi na mwenye matarajio ya kuridhisha ya kupata ukaazi wa kudumu, sharti ambalo mwanafunzi hulitimiza kwa shida. Agizo la 2016 kuhusu watafiti na wanafunzi linaweka haki ya familia ya mtafiti kumfuata, wala haliweki haki ya namna hiyo kwa mwanafunzi. Hivyo watu wawili wanaweza kukaa katika maabara moja, wakifanya kazi ya aina moja chini ya profesa mmoja: aliyepokewa kama mtafiti akawa na haki ya familia kwa sheria ya Umoja, na aliyeandikishwa kama mwanafunzi akabaki kutegemea sheria ya nchi aliyomo. Nchi nyingine ni karimu, nyingine si karimu, lakini ukarimu haulingani na haki.

3. Uingereza baada ya 2024

Mfano ulio wazi zaidi ni Uingereza. Mwezi Mei 2023 serikali ilitangaza, na tarehe 1 Januari 2024 ikaanza kutekeleza, kanuni kwamba mwanafunzi wa kigeni anayeanza masomo hawezi kuleta wategemezi isipokuwa awe katika programu ya uzamivu au shahada nyingine ya juu ya utafiti, au awe anasomeshwa kwa ufadhili wa serikali katika kozi inayozidi miezi 6. Mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani anayejilipia, ambaye mwaka uliotangulia angeweza kwenda na mkewe au mumewe na watoto, sasa huenda peke yake.

Aliyebaki upande wa walioruhusiwa naye hana njia nyepesi. Kwa viwango vya 2024, kila mtu katika familia hulipiwa ada ya huduma za afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, nayo hulipwa yote wakati wa kuomba. Kwa familia ya watu 4 hizo ni pauni 3,104 kwa mwaka; kwa uzamivu wa miaka 3 hazipungui pauni 9,312, kabla ya ada za viza zenyewe na nauli. Juu ya hayo, kila mtegemezi huhitaji uthibitisho wa fedha za kujikimu, pauni 680 kwa mwezi nje ya London na 845 ndani ya London, hadi miezi 9. Mume au mke na watoto 2 watakaoishi nje ya London wanahitaji kuonyeshewa pauni 18,360, na fedha hizo zikae katika akaunti siku 28 mfululizo. Wahadhiri wetu wachache sana wanaweza kuonyesha kiasi hicho bila kuuza kiwanja au kukopa SACCOS. Kanuni inayosema "unaruhusiwa" kwa bei hiyo humruhusu mwenye nacho.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni mahali mstari ulipochorwa. Kanuni imewatenga watu kwa aina ya kozi na chanzo cha fedha. Haiulizi mtoto ana umri gani, wala kama mwanafunzi ni mzazi pekee. Mama anayenyonyesha aliyepata nafasi ya uzamili wa darasani kwa fedha zake yuko katika fungu moja na kijana asiye na mtoto. Mwaka mmoja ni mfupi kwa anayepanga ratiba ya masomo, lakini mama aliyemwacha mtoto wa miezi minane humkuta, anaporudi, akiwa anatembea na kumwita bibi yake "mama".

4. Familia iliyowekwa rehani

Marekani mlango uko wazi zaidi kwa maandishi. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kufuatwa na mwenza na watoto wake ambao hawajaoa wala kuolewa walio chini ya miaka 21, kwa viza ya F-2. Hata hivyo kifungu cha 214(b) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia kinamtaka ofisa wa ubalozi amchukulie mwombaji kuwa mtu anayekusudia kuhamia moja kwa moja, mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Mwanafunzi anapaswa kuonyesha kwamba ana makazi kwao ambayo hana nia ya kuyaacha. Na kwa kijana wa Kiafrika asiye na nyumba wala biashara kubwa, ushahidi mwepesi kuonekana ni watu aliowaacha.

Hapa ndipo familia inapogeuzwa rehani. Mwombaji anayekwenda peke yake huonekana ameacha kitu cha thamani kitakachomrudisha. Anayekwenda na wote huonekana ameikomboa rehani yake. Waombaji wanalijua hili, na ndiyo maana wengi hushauriana atangulie mmoja na wengine wafuate baadaye, hata pale ambapo fedha za kwenda pamoja zipo. Ni mantiki inayodhalilisha. Upendo wa mtu kwa watoto wake unapimwa kama mali isiyohamishika, na utengano wenyewe unafanywa kuwa uthibitisho wa uaminifu.

Utamaduni wa kumhesabu msomi kuwa mtu mmoja si mpya kwetu. Mwaka 1959, katika mpango uliohusishwa na mwanasiasa Tom Mboya, ndege ilibeba wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani, na kizazi kilichojenga taasisi za Kenya kikaanzia hapo. Mwaka huo huo Barack Obama Mkubwa, baba wa rais wa baadaye wa Marekani, alikwenda Hawaii kusoma, akimwacha Kenya mkewe Kezia akiwa na mtoto mdogo na ujauzito. Hatuwezi kuzibebesha taratibu za masomo lawama za maamuzi ya mtu binafsi. Tunachoweza kusema ni kwamba hesabu za safari za masomo za enzi ile zilikuwa na nauli, ada na chakula cha mtu mmoja. Waliobaki hawakuwa na safu yao, na kwa sehemu kubwa hawana hadi leo.

5. Nani hubeba mzigo?

Kanuni hizi zimeandikwa kwa lugha isiyobagua jinsia, lakini zinatua juu ya maisha ambayo hayana usawa huo. Tuchukue sharti la Uingereza kwamba mtoto wa mwanafunzi aende au awepo pamoja na wazazi wote wawili, isipokuwa mwanafunzi awe mzazi pekee aliye hai, awe ndiye mwenye jukumu lote la malezi, au pawe na sababu nzito za kipekee. Mwanamume msomi hulitimiza sharti hili mke anapoacha kazi na kumfuata, jambo ambalo jamii yetu hulitarajia. Mwanamke msomi anahitaji mume aache kazi amfuate yeye, jambo ambalo jamii yetu bado hulishangaa. Mume akibaki kazini, watoto nao hubaki. Sharti lililokusudiwa kulinda haki ya mzazi asiyesafiri linaishia kumlazimisha mama achague kati ya shahada na mwanawe.

Upande wa pili wako wenza waliofuata. Mwenye F-2 haruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa. Anaweza kusoma, lakini si kwa muda wote. Muuguzi au mwalimu anayemsindikiza mumewe kwa uzamivu wa miaka mitano hurudi na pengo la miaka mitano katika taaluma yake. Viza ya J-2, inayoambatana na J-1 wanayopewa wasomi wa Fulbright, humruhusu mwenza kuomba kibali cha kazi. Kanada ilikuwa ikitoa kibali cha kazi kwa wenza wa wanafunzi wengi, lakini tangu Januari 2025 imekibakiza kwa wenza tu wa wanafunzi wa uzamivu, wa uzamili usiopungua miezi 16, na wa programu chache za taaluma maalumu. Kwa hiyo anayejiuliza kama aende na familia asiishie kuuliza kama viza itatoka. Aulize pia mwenza wake atakuwa nani akishafika.

Kisha iko tafsiri ya familia yenyewe. Kwa viza, familia ni mwenza mmoja na watoto wadogo. Bibi anayelea wajukuu hayumo. Mtoto wa ndugu aliyelelewa tangu utoto bila hati ya mahakama hayumo. Mke wa pili, anayetambuliwa na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, hayumo. Simaanishi kwamba kila nchi ilazimike kuufungulia ukoo mzima. Ila tunapozungumza juu ya kwenda na familia, tukumbuke kwamba hata anayeruhusiwa huondoka na kipande chake tu, na malezi aliyokuwa akisaidiwa na watu watano nyumbani yatabaki mikononi mwa wawili.

6. Pingamizi

Serikali ya Uingereza ilikuwa na sababu zake, na ni haki kuzieleza. Viza za wategemezi wa wanafunzi zilipanda kutoka takribani 16,000 mwaka 2019 hadi takribani 136,000 mwaka 2022. Nyumba na shule katika miji ya vyuo hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Wapo pia waliouza kozi za mwaka mmoja kama njia ya kuhamisha familia, na wapo walionunua wakijua. Nchi ina haki ya kupanga idadi ya watu inaowapokea.

Lakini hoja hiyo ikifuatiliwa inavirudia vyuo na serikali zenyewe. Vyuo viliwatafuta wanafunzi hao kwa bidii kwa sababu ada ya mgeni huzidi sana ya mwenyeji na huziba mapengo ya bajeti. Huwezi kumkaribisha mtu mzima kwa ada ya mtu mzima kisha ushangae kwamba ana watoto. Kama tatizo ni kozi zisizo na maana, zichujwe kozi. Kama ni makazi, idadi ya udahili iambatane na idadi ya nyumba. Kuwatenga watoto wa wanafunzi kulishusha takwimu haraka, ila hakukugusa utaratibu uliozalisha ongezeko.

7. Wajibu ulio mikononi mwetu

Sheria za ugenini hatuzitungi sisi, lakini si kila kitu kimo katika sheria hizo. Kwanza, muda wa kutengana unaweza kupunguzwa na muundo wa masomo. Katika ushirikiano wa utafiti baina ya Sweden na vyuo vya Tanzania, wasomi wengi wa uzamivu walisoma kwa awamu: miezi kadhaa ya kozi na maabara Sweden, kisha nyumbani kwa ukusanyaji wa data na kufundisha. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao umekuwa na fungu la uzamivu unaogawanywa kati ya chuo cha nyumbani na cha Uingereza, na muungano wa CARTA, ulioanzishwa 2008, huwasomesha wahadhiri wa Afrika katika vyuo vya Afrika kwa kuwakutanisha kwa vipindi vifupi. Vyuo vyetu vinapojadiliana na washirika wa nje, muundo huu uwe sharti la kwanza mezani.

Pili, wafadhili waandike safu ya familia. Shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, DAAD, hutoa nyongeza kwa msomi anayeandamana na mwenza na watoto, kwa hiyo jambo hili linawezekana. Anayebaki nyumbani na watoto naye ahesabiwe: nauli ya kurudi walau mara moja kwa mwaka haipaswi kuwa hisani.

Tatu, mwajiri anayemtuma mtumishi wake kusoma ampe mwenza wake, naye akiwa mtumishi, likizo bila malipo yenye uhakika wa kurudi kazini, na shule ziwapokee watoto wanaorudi bila kuwarudisha madarasa kiholela. Sheria haiwezi kumaliza uchungu wa kuachana, lakini masharti ya kazi yanaweza kuzuia uchungu huo usigeuke hasara ya maisha.

8. Hitimisho

Hakuna jibu moja linalofaa kila nyumba. Kwa kozi ya mwaka mmoja, katika nchi ambako mwenza hataruhusiwa kufanya kazi, kuwaacha waliozoea shule zao kunaweza kuwa hekima. Kwa uzamivu wa miaka minne na mtoto mchanga, kutengana ni bei ambayo hakuna shahada inayostahili kuidai. Uamuzi huo ni wa wanandoa, na utakuwa wao kweli pale tu njia zote mbili zitakapokuwa wazi. Kwa sasa nyingi zimefungwa kabla hawajakaa kuzungumza. Nchi zinazonufaika na akili na ada za wasomi wetu, na taasisi zetu zinazowatuma, zinapaswa kupanga masomo zikijua kwamba kila nafasi ya udahili zinayompa mtu mzima zimeipa kaya nzima.