Sindimba

Sindimba ni ngoma ya asili ya Wamakonde wa kusini-mashariki mwa Tanzania, hasa mikoa ya Mtwara na Lindi. Inafahamika pia katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako Wamakonde huishi pamoja na Wamwera, Wamakua na Wayao. Inajulikana kwa uchezaji wa kiuno na kwa ushiriki wa watazamaji.

Uchezaji

Watu husimama kwa duara kuwazunguka wachezaji na wapigaji ngoma. Kiongozi huanzisha wimbo na wote waliopo huitikia. Wachezaji, wanawake kwa wanaume, hufunga kitambaa kiunoni ili mtikisiko uonekane vizuri. Hakuna mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji: anayepiga makofi pembeni huweza kuingia katikati, na aliyechoka hurudi pembeni. Wengine hupiga vigelegele au humtunza mchezaji fedha. Waitikiaji wakichangamka ngoma hukolea, wakinyamaza hupoa.

Katika jando na unyago

Kwa desturi sindimba inahusiana na jando na unyago. Mafunzo yenyewe hutolewa faraghani, lakini ngoma ya hadharani huiita jamii nzima kuwapokea vijana waliofundwa. Sherehe hizo hufanyika zaidi baada ya mavuno. Kwa kuwa baadhi ya wanafunzi hukosa masomo, viongozi wa serikali wamekuwa wakihimiza zifanyike wakati wa likizo.

Jukwaani

Mwaka 1962 serikali iliunda wizara ya utamaduni, na baadaye kikundi cha ngoma cha taifa. Sindimba ikawa miongoni mwa ngoma zilizochezwa mbele ya wageni na katika sikukuu za taifa. Duara likavunjwa: wachezaji walipangwa kwa mistari wakiielekea hadhira, nayo hadhira ikabaki vitini. Ikiwa imetengwa na unyago, miondoko ya kiuno ililaumiwa na wengine kuwa matusi, ilhali kwa wenyewe ilikuwa somo la utu uzima.

Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifuata njia nyingine kijijini Malya, mkoa wa Mwanza, mnamo 1982-1983. Huko wanakijiji walitumia ngoma na maigizo kuonyesha matatizo yao, kisha wakayajadili pamoja. Mtazamaji akarudishiwa nafasi ambayo katika duara la ngoma alikuwa nayo tangu zamani.