Mwano ulitangulia ibara

Mwaka 1984 Bunge la Tanzania liliifanyia Katiba ya 1977 marekebisho ya tano. Ibara ya 8 ikaja na tamko zito: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali hupata madaraka yake kwao, kwa mujibu wa Katiba. Wakati huo vijiji vya Usukuma vilikuwa tayari vinayatumia mamlaka hayo bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka pande za Kahama, sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, walianza kuenea katika Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi, pamoja na kata yake ya Nkololo, ilikuwa sehemu yake hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, vita vya Uganda vilikuwa vimeacha silaha mitaani, na polisi walikuwa wachache na wa mbali. Mwano, yaani yowe la kuita msaada, ukilia usiku, kila mwanaume alitoka na upinde wake. Aliyekaa ndani alitozwa faini, na aliyeendelea kukaidi alitengwa: hasalimiwi, hashirikishwi kazi, na kwenye msiba wake hafiki mtu. Viongozi walichaguliwa na wanakijiji, na mkuu wao akaitwa mtemi, ingawa utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963.

Cheo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati. Katika tawala nyingi za Kisukuma mtemi hakujiweka mwenyewe. Banang'oma, wazee wa ikulu, ndio waliomchagua, mara nyingi kutoka kwa watoto wa dada za mtemi aliyetangulia. Mvua ikigoma na njaa ikizidi, waliweza kumwondoa. Waingereza, chini ya Gavana Cameron, walimgeuza mtemi kuwa mtumishi wa kulipwa kuanzia mwaka 1926. Tangu hapo aliyemwogopa zaidi alikuwa bwana DC. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililouvunja utemi, na sheria ya 1963 ilikuja kuzika tu kilichokwisha kufa.

Locke na Rousseau waliandika kwamba watawaliwa ndio chimbuko la utawala. Lakini swali gumu ni lile lililofuata, na sungusungu walilifikia haraka: wananchi wakishika mamlaka, nani atawazuia wao? Watuhumiwa walipigwa, na baadhi ya vikongwe waliitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo moshi wa jikoni ulikuwa umeyachosha kwa miaka. Aliyekosa wa kumtetea hakuwa na pa kukata rufaa. Ndiyo maana ile "kwa mujibu wa Katiba" katika ibara ya 8 si pambo. Marekebisho hayo hayo ya 1984 ndiyo yaliyoingiza haki za binadamu kwenye Katiba, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikawapa sungusungu kibali na mipaka.

Kuna njia nyingine ya wananchi kushika mamlaka ambayo watu husahau kuitaja. Sheria ya serikali za mitaa, Na. 7 ya 1982, iliupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Nkololo, mahali pa pamba na mifugo, kura ya mikono juu katika mkutano huo ina uzito kuliko kura nyingi za sanduku.

Mwaka 2014 Bariadi iliingia tena katika hadithi hii. Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, aliongoza kamati ya uandishi ya Bunge Maalumu la Katiba, iliyoibadilisha sana rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2 mwaka huo. Wananchi walipaswa kuipigia kura ya maoni Aprili 30, 2015. Ikaahirishwa, na kura hiyo haijapigwa hadi leo.