Mpagazi, Mtumwa na Mtu Aliyejitolea

Kitete ni jina lijulikanalo Tabora kwa ajili ya hospitali ya mkoa iliyopo hapo. Mgonjwa huingia humo kutafuta dawa. Walakini wataalamu wa maradhi huwahitaji watu kwa haja ya pili pia, yaani kutafuta elimu. Haja hizi mbili hufanana kwa nje, maana sindano ni ile ile na damu ni ile ile. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa nchi ya Unyanyembe ilikuwa na kipimo cha kupambanua mambo kama haya kabla sheria za utafiti hazijaandikwa.

Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, walikuta njia iliyokwisha kuzoea miguu ya Wanyamwezi. Mpagazi alipatana kwanza na mwenye msafara juu ya ujira, posho na mwisho wa safari. Ndipo akainua mzigo wake, ambao mara nyingi ulikaribia frasila mbili. Mapatano yakivunjwa, aliweza kuutua na kutoroka. Katika njia hiyo hiyo walipita watumwa, na baadhi yao walichukua pembe za ndovu. Uzito wa pembe haukubadilika kwa sababu ya bega lililoichukua. Tofauti ilikuwa katika neno lililosemwa, au lisilosemwa, kabla ya safari.

Katika miaka ya 1930 kipimo hicho kilihitajika tena. Malale, yaenezwayo na mbung'o, yalikuwa yamewatesa watu wa magharibi ya Tanganyika, hata serikali ya Kiingereza ikawahamisha wengi na kuwakusanya katika makao mapya yaliyofyekwa msitu. Huko Tinde, kaskazini ya Tabora katika njia ya Shinyanga, wataalamu walijiuliza: vijidudu vya malale vikipitishwa miaka mingi katika kondoo na paa, je, vitaweza bado kumwambukiza binadamu? Wanyama peke yao hawakuweza kulijibu swali hilo. Basi mbung'o wenye vijidudu waliachwa wawaume watu, Waafrika walioitwa watu wa kujitolea. Ripoti ya Fairbairn na Burtt ilitoka mwaka 1946. Ile ya Willett na Fairbairn ya mwaka 1955 ilieleza miaka 18 ya jaribio hilo. Jibu lilikuwa ndiyo: nguvu ya kumdhuru binadamu haikupotea.

Elimu hiyo ilikuwa na faida, kwani ilionyesha hatari iliyojificha katika wanyama. Tena dawa ya suramin ilikuwapo. Lakini malale yasipotibiwa huua, na neno "kujitolea" linahitaji kupimwa. Mtu aliyetawaliwa na wageni, akisimama mbele ya daktari aliye mtumishi wa serikali hiyo hiyo, aliweza kukataa kwa kadiri gani? Je, aliambiwa kwa lugha yake jina la mzigo aliotwikwa? Si ajabu kwamba miaka ile watu wa miji mingi ya Afrika Mashariki walinong'onezana habari za mumiani wanyonya damu. Penye damu itolewayo bila maelezo, hofu hutunga maelezo yake yenyewe.

Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg, ikiwahukumu madaktari wa Kijerumani, iliweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza la majaribio juu ya binadamu. Mwaka 1964 madaktari wa dunia wakatoa Azimio la Helsinki. Tanzania nayo iliunda kwa sheria ya 1979 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Siku hizi mtafiti hufundishwa kueleza kusudi na hatari kwa lugha inayofahamika, kupokea jibu la hapana bila kinyongo, na kumwacha mtu ajitoe wakati wowote.

Mafunzo hayo yasidhaniwe kuwa desturi ya kigeni. Haki ya kujitoa ni haki ya kuutua mzigo. Hapana budi mwalimu wa watafiti aanzie hapo, maana karatasi iliyotiwa sahihi au alama ya dole haithibitishi ridhaa, kama vile bega lenye mzigo lisivyothibitisha ya kuwa mwenyewe ni mpagazi wala si mtumwa.